Vifo vya Saa Mbili Kasorobo

Ilikuwako nchi moja, na jina lake silitaji. Si kwa woga, ni kwa adabu tu: ramani yake bado iko kwa wakaguzi, na mwungwana hataji kitu kisichokaguliwa. Ilikuwa nchi ya amani kupindukia. Amani ilizidi hata ikabidi igawiwe kwa rungu, nyumba kwa nyumba, na aliyesema kwamba yeye ameshapata yake aliongezewa.

Humo aliishi binti aitwaye Sikudhani, mtangazaji wa redio. Msimdhanie mtangazaji wa mbwembwe. Ukizungumza naye ana kwa ana, alitazama vidole vya miguu yake mpaka umalize. Lakini ukimfungia peke yake mbele ya kipaza sauti, sauti ilimtoka laini kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Ndiyo maana akapewa kazi ya kusoma matangazo ya vifo. Kila siku, saa mbili kasorobo asubuhi, nchi nzima ilishusha sufuria jikoni ili mafuta yasichachatike, na vijiko vikasimama ndani ya vikombe. Sikudhani alisoma kila jina kana kwamba ni la mjomba wake.

Hapo zamani familia ziliandika matangazo zilivyotaka. Mambo yakabadilika siku ya Mwalimu Adelina. Ndugu zake waliandika kwamba amefariki baada ya kupigwa na askari watano kwenye uwanja wa shule, alipouliza chaki zimekwenda wapi. Sikudhani akasoma vilevile. Kabla chai haijapoa, lori la Mamlaka ya Masikio ya Taifa likawasili na kumpa onyo Bwana Mlekwa, meneja wa vipindi. Onyo lenyewe lilikuwa la mti wa mpingo, na mwishoni lilikuwa na msumari. Baada ya kulipokea, Bwana Mlekwa alibaki na meno manne, matatu ya juu na moja la chini, ambayo hayakukutana tena maishani.

Siku hiyohiyo ukatoka Waraka wa Kwanza, uliotiwa saini na Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka, Dokta Kanali Mstaafu Anakleti Mbonde.

"Mtu yeyote aliye hai," ulianza waraka, kama zilivyoanza nyaraka zake zote, maana Dokta Kanali alisomea sheria kwa njia ya posta na alipenda kuanzia mbali, "ni marufuku kutangaza kifo kwa jina lake. Kifo ni mali ya taifa, na atakayesikitika ni Mamlaka. Sababu za kifo ni mbili tu: kuugua kwa muda mfupi na kuugua kwa muda mrefu. Zaidi ya hapo ni uchochezi."

Basi ikawa hivyo. Aliyepigwa risasi sokoni aliugua kwa muda mfupi. Aliyekaa mahabusu miezi mitatu na kurudishwa kwao ndani ya gunia, huyo aliugua kwa muda mrefu. Wizara ya Afya ikapongezwa, kwa kuwa ajali zilikwisha, mauaji yalikwisha, na hata kuzama majini kulikwisha.

*

Waraka wa Pili uliagiza kwamba kila kitu kitakachosemwa redioni kipelekwe kukaguliwa siku saba kabla. Watangazaji wa mpira walipeleka mabao ya wiki ijayo, yakarudi yamesahihishwa: timu ya Jeshi tisa, wengine bila. Wachezaji wakalazimika kuyafunga.

Tabu ilikuwa kwenye vifo. Mtu akifa Jumatatu, tangazo lake lilitoka Jumatatu ya pili, na bila tangazo hakuna kuzika. Mochwari zikafurika. Maiti wakalazwa kwenye ngazi za hospitali, wagonjwa wakawa wanaomba njia. Watu walipolalamika, Dokta Kanali alihutubia taifa kwa saa mbili na dakika kumi.

"Wananchi wapendwa," alisema, "tatizo si kanuni. Tatizo ni tabia yenu ya kufa bila mpango. Nchi zilizoendelea hazifi hivyo! Kuanzia leo, familia ikiona mgonjwa wake anaelekea huko, iwahi na ijaze Fomu ya Kifo Kitarajiwacho. Siku saba zikitimia, tangazo linasomwa, mnazika, mnarudi kwenye ujenzi wa taifa."

Watu walipiga makofi, kwa sababu walioacha kupiga waliandikwa majina.

Wiki ya tatu, Sikudhani alisoma kifo cha fundi Mkwepu, seremala wa Mabatini, aliyekuwa hoi kwa kipindupindu. Saa tatu mlango wa redio ukapigwa teke, akaingia fundi Mkwepu mwenyewe, tezo begani.

"Hebu nimwone huyo aliyeniua!"

Sikudhani akasimama. "Shikamoo, fundi. Nisamehe, mimi nimesoma tu."

"Marahaba, binti. Ah, kumbe ni wewe." Sauti ikapungua, akacheka. "Sikiliza. Mke wangu kashavua bangili. Majirani wanagawana randa zangu, shemeji kajichagulia msumeno. Nirudishe upesi kabla sijabaki na kaptula hii."

Hakurudishwa. Dokta Kanali aliitwa, akaja kwa ving'ora, akamtazama fundi kutoka kandambili mpaka kofia.

"Mwananchi, redio ya taifa imesema umekufa saa mbili kasorobo. Sasa ni saa tatu na nusu. Unajiteteaje?"

"Mheshimiwa, si mnaniona?"

"Kuona ni maoni," alisema Dokta Kanali. Kisha akatamka maneno ambayo baadaye yaliandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya lango la Mamlaka: "Habari na mtu vikipingana, kinachosahihishwa ni mtu."

Walimsahihisha palepale kwenye ngazi, kwa tezo lake mwenyewe. Lilikuwa limenolewa vizuri, fundi alikuwa mtu wa kupenda kazi, na bado yalihitajika mapigo manne. Kandambili moja ilibingirika mpaka miguuni kwa Sikudhani. Jioni alipiga magoti akasugua ngazi zile kwa brashi na magadi, akilia bila sauti, na ile kandambili akaipeleka kwa mjane.

Hivyo ndivyo kilivyoundwa Kikosi cha Usahihi: wanaume kumi na wawili wenye nyundo, chini ya Sajini Meja Luhanga, mtu mpole, mcha Mungu, asiyevuka amri hata kwa unywele. Amri zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: Kikosi kisipokee jina la mtu kwa karatasi, kwa sababu karatasi huvujisha siri. Kikae ndani ya lori, kisikilize redio kama wananchi wengine, na jina likisomwa kikahakikishe. Ya pili: habari ikifika saa sita adhuhuri haijawa kweli, basi Kikosi chenyewe kisahihishwe.

Walikuwa wasikilizaji wazuri kuliko wote nchini.

*

Baba yake Sikudhani, Mzee Chakupewa, alikuwa dalali wa mnada. Sauti yake ilisikika kata tatu, na alikumbuka kila kitu alichopata kuuza, nani alikileta na nani aliongeza. Mkewe alikufa mapema, akamlea binti yake peke yake, na watu walisema kelele zote za nyumba ile alizimaliza baba, ndiyo maana binti hakubakiwa na yoyote.

Mvua za kwanza zilipoanza, akashikwa na homa ya mapafu. Siku nne hakuita bei ya kitu. Daktari akatikisa kichwa.

"Tuwahi fomu," alisema Shangazi Mwajabu, dada wa mgonjwa, mwanamke wa mipango.

"Shangazi, baba bado anapumua!"

"Ndiyo saa yake hiyo, mwanangu, akishaacha kupumua tumechelewa. Unataka kaka yangu akae wiki nzima kwenye ngazi za hospitali kama gunia la dagaa, watu wanamruka? Andika."

Sikudhani akaandika, machozi yakidondoka juu ya fomu mpaka shangazi akatoa nyingine. Walipofika kwenye mstari wa *Habari ziwafikie*, shangazi alitaja ndugu thelathini na mmoja kwa pumzi mbili, hadi watoto wachanga, kwa sababu ukimsahau mtu kwenye tangazo la msiba haji hata kwenye harusi. Ilikuwa Ijumaa. Fomu ikagongwa muhuri: isomwe Ijumaa ijayo.

Jumatatu asubuhi Mzee Chakupewa aliketi kitandani.

"Nani kachukua kofia yangu? Na supu ya kongoro hii imepikwa na nani, mbona haina ndimu?"

Sikudhani alimkumbatia akacheka, kisha moyo ukamdondoka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani. Akamweleza baba yake yote.

"Ijumaa?" alinguruma mzee. "Ijumaa nina mnada wa ng'ombe!"

*

Jumanne alikwenda Mamlaka. Kwenye kaunta alikaa karani aliyeitwa Bi Perpetua, mama mwenye miwani ya kamba, anafuma kitambaa.

"Naomba kufuta tangazo, mama. Mgonjwa amepona."

Bi Perpetua aliacha kufuma. "Ee Mungu wangu. Amepona kabisa, au kidogo?"

"Kabisa. Jana ameuza kuku wa jirani bila jirani kujua."

"Mwanangu, fomu ya kufuta ninayo, lakini ni ya makosa ya jina tu. Kuishi si kosa la jina. Mwone mkubwa."

Walipita kwenye korido ndefu. Nyuma ya mlango ulioandikwa *Chumba cha Uhariri*, mtu alilia kwa sauti nyembamba, kikasikika kitu kinavunjika, kikavu, kama muwa.

"Ni yule mchekeshaji wa Jumamosi," alinong'ona Bi Perpetua, akaongeza mwendo. "Anafupishwa."

Dokta Kanali alikuwa anakula. Mbele yake kulikuwa na hotipoti la maua aliloletewa na mkewe, na kitambaa cheupe kimefungwa shingoni. Sikudhani aliona jinsi alivyowatenga kando samaki wadogo ili awamalize wakubwa kwanza, kama mtoto, akamwonea huruma bila kutaka.

"Mheshimiwa, baba yangu amepona."

"Hongera zake. Na Ijumaa atakufa."

"Hakuna namna?"

"Binti, unaniomba nini?" Aliweka kijiko chini kwa uchungu wa kweli. "Nimesaini kwamba amekufa. Nikifuta, nitakuwa nilisaini uongo. Nikisaini uongo, wananchi watauliza ni uongo upi mwingine. Leo baba yako, kesho bei ya mchele, keshokutwa nani alishinda uchaguzi! Unataka damu imwagike nchi hii?"

Nyuma ya ukuta mchekeshaji alipiga ukelele, kisha akanyamaza.

"Na usimtoroshe," aliongeza, akirudi kwenye samaki wake. "Akikosekana, Kikosi kitawafuata wote walioandikwa pale kwenye *habari ziwafikie*. Thelathini na mmoja, eh? Mna ukoo mzuri. Halafu utamsoma wewe mwenyewe, una sauti ya majonzi. Mama yangu kijijini hakosi kipindi chako."

*

Ijumaa Mzee Chakupewa aliamka alfajiri, akanyoa ndevu, akavaa kanzu yake ya mnada mkubwa. Shangazi Mwajabu alikuwa amekaa chini anajipigapiga mapaja.

"Kimbia, kaka! Sisi tumeshaishi!"

"Nikimbie niwauze ndugu zangu kwa jumla? Mimi nauza rejareja tu." Akamgeukia binti yake. "Wewe nenda kazini. Usiponisoma wewe atanisoma Mlekwa, na kwa meno yale atalitafuna jina langu lisijulikane la nani. Nisome vizuri. Nitakuwa nasikiliza."

"Shikamoo, baba," alisema Sikudhani, kwa sababu hakujua neno jingine.

"Marahaba, mama. Haya, nenda."

Ndani ya studio, upande wa pili wa kioo, alikaa Koplo Masalu wa Mamlaka, kidole juu ya kitufe chekundu cha kukata maneno yasiyokaguliwa, kitabu cha kanuni pajani. Saa mbili kasorobo taa ikawaka. Sufuria zikashushwa nchi nzima. Ndani ya lori lililoegeshwa mtaa wa pili, Sajini Meja Luhanga akainua mkono, na wanaume kumi na wawili wakaacha kutafuna mihogo.

"Mamlaka ya Masikio ya Taifa," alianza Sikudhani, "inasikitika kutangaza kifo cha..."

Jina lilikuwa pale, limepigwa chapa, lina muhuri. Alifungua mdomo. Aliona kandambili inabingirika. Alifungua tena. Hakuwa amepanga kitu. Hakuwa binti wa kupanga. Jina tu lilikataa kutoka, kama mtoto anayeng'ang'ania mlango.

Sekunde kumi. Koplo Masalu alikaza kidole. Lakini kitufe kilikuwa cha kukata maneno, na hapakuwa na maneno. Alifunua kitabu, akatafuta *kunyamaza*, akapata *kunyang'anywa leseni* na *kunyongwa*. Kabla ya hayo hapakuwa na kitu. Sekunde thelathini. Nchi nzima ilisikia mtu anapumua. Sekunde hamsini.

"...aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi," alimalizia Sikudhani kwa sauti ndogo, akiruka yote mpaka mstari wa mwisho. "Maziko ni leo alasiri."

Taa ikazimika. Koplo Masalu akaingia ameloa jasho.

"Dada, umefanya nini?"

"Sijui, kaka."

"Hata mimi sijui. Twende kwa wanaojua."

*

Walipofika Mamlaka, saa tano imeshapita kwa ajili ya vizuizi vya njiani, lori la Kikosi lilikuwa limetangulia. Maana Sajini Meja Luhanga alikuwa amefikiri, na alifikiri kama alivyolelewa. Kwa desturi ya nchi ile, na hili halikuhitaji waraka, anayetangaza msiba ndiye mfiwa. Ukitaka kujua nani kafa, unakwenda nyumbani kwa aliyetangaza, unatoa pole, unaoneshwa. Katika matangazo mengine jina lilisomwa, akalifuata jina. Leo jina halikusomwa, akamfuata mfiwa. Na mfiwa alijitaja kwa ufasaha: Mamlaka ya Masikio ya Taifa.

Sikudhani alikalishwa kwenye benchi la korido, mlango wa ofisi kuu ukiwa wazi. Kwa hiyo aliona yote, ingawa angetoa macho yake mawili asione.

Kikosi kilivua kofia. Sajini Meja akaingia ameinamisha kichwa, nyundo ameishika kwa mikono miwili mbele, kama watu wanavyoshika kofia msibani.

"Poleni sana, mheshimiwa. Kazi ya Mungu."

"Pole ya nini?" alifoka Dokta Kanali. "Yule binti kameza jina! Ni la dalali mmoja, faili hili hapa, chukua!"

Sajini Meja alirudi hatua nzima nyuma, mikono mgongoni. "Karatasi hatupokei, mheshimiwa. Amri yako."

"Basi nakutajia kwa mdomo!"

"Mfiwa hataji jina, mheshimiwa, huwa amechanganyikiwa. Marehemu mama yangu alipofiwa na baba, alimtaja mbuzi." Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na robo, na nyuma yake wanaume kumi na wawili waliitazama pia. "Utuoneshe tu marehemu ni nani hapa ndani."

"Hakuna aliyekufa hapa ndani, mpumbavu wewe!"

"Wafiwa wote husema hivyo mwanzoni," alisema Sajini Meja kwa upole. Kisha uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. "Lakini mheshimiwa... redio imesema kuna aliyekufa. Wewe unasema hakuna. Habari na mtu vinapingana."

Dokta Kanali alisoma sheria yake mwenyewe usoni kwa Sajini Meja, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Luhanga," alisema. "Luhanga, mwanangu."

Pigo la kwanza lilimpata kwenye sikio. Alianguka juu ya meza, hotipoti likaruka, wali ukatawanyika juu ya nyaraka. Alishika mguu wa kiti, akaita mama yake, si kwa cheo, kwa jina la nyumbani. Sikudhani alijikuta amesimama anapiga kelele "Mwacheni! Mwacheni!" na ilikuwa mara ya kwanza maishani sauti yake kwenda mbali namna ile bila kipaza sauti, lakini nyundo zilikuwa kazini. Naibu Mkurugenzi alikimbia ndani akisema, "Jamani, mnamwua!" Sajini Meja alisikitika, kwa sababu kuua haikuwa sababu iliyoruhusiwa, na Naibu naye akasahihishwa kwa kosa la kutumia lugha isiyokaguliwa. Mkuu wa Uhariri akaapa kwamba yeye hakuona kitu. Hakuna kitu? Na redio imesema kipo? Alifuata. Mwanasheria wa Mamlaka alisema kila mtu ametenda sawa kabisa na kanuni, akaachwa, ila alipojaribu kupita aliteleza kwenye damu, akavunja shingo kwenye kizingiti. Huyo peke yake, katika miaka sita tangu Waraka wa Kwanza, ndiye aliyekufa kwa ajali.

Saa sita kasoro dakika tano Kikosi kilivaa kofia, kikatoa pole kwa waliobaki, kikaondoka.

Bi Perpetua alitoka chini ya kaunta. Aliokota faili la Mzee Chakupewa katikati ya wali. Tangazo limesomwa? Limesomwa. Kifo kimethibitika kabla ya saa sita? Kimethibitika. Akagonga muhuri: *IMETANGAZWA NA IMETIMIA.*

"Baba yako amekufa, mwanangu," alimwambia Sikudhani, akamfuta damu ya watu shavuni kwa kile kitambaa anachofuma. "Kisheria kabisa. Hawawezi kumwua tena, hana kibali cha pili. Nenda nyumbani ukampikie."

*

Ikatokea shida ndogo. Dokta Kanali hakuwa na Fomu ya Kifo Kitarajiwacho, hivyo hakuwa amekufa. Wa kuidhinisha fomu ni Mkurugenzi Mkuu peke yake. Mkurugenzi mpya hakuweza kuteuliwa maana wa zamani yupo. Walimfuta damu, wakamketisha kwenye kiti chake, wakamfunga tena kile kitambaa cheupe shingoni, na kila asubuhi wafanyakazi walipita wakimwamkia. Wengi walikiri kwamba hajapata kuwa msikivu namna ile. Chumba cha Uhariri kilikaa bila amri, na mchekeshaji, kwa magoti, alijitokea mwenyewe.

Jumapili ile palikuwa na kipindi cha salamu. Wasikilizaji waliruhusiwa kupiga simu na kusema kwamba wao ni wazima na wanamsalimu mkuu wa wilaya. Koplo Masalu alikuwa nyuma ya kioo, kidole kwenye kitufe. Hapakuwa na mtu wa kumbadilisha. Simu ya kwanza ikalia.

"Halo, karibu," alisema Sikudhani. "Nazungumza na nani?"

"Marehemu Chakupewa hapa, wa Kwa Mnada!"

Kioo kilitetemeka. Sikudhani alishika meza. Koplo Masalu alifungua kitabu cha kanuni ukurasa wa kwanza. *Mtu yeyote aliye hai ni marufuku.* Akafungua wa pili. *Mtu yeyote aliye hai.* Wa tatu, wa kumi, wa arobaini. Aliinua macho akamtazama binti nyuma ya kioo, naye kwa mara ya kwanza hakutazama vidole vyake vya miguu. Koplo akaondoa kidole kwenye kitufe, polepole, akakikalia.

"Endelea, baba," alisema Sikudhani.

"Nimekufa juzi, sina tena cha kuogopa, na nina kumbukumbu ya dalali. Haya, sikilizeni! Namleta wa kwanza. Fundi Mkwepu, seremala wa Mabatini! Redio ilisema aliugua. Hakuugua! Alipona, akatembea kwa miguu yake, akapigwa tezo mara nne kwenye ngazi za redio, mchana kweupe! Namleta wa pili. Mwalimu Adelina! Hakuugua! Aliuliza chaki! Askari watano! Wa tatu na wa nne, wana wa Mzee Komba, waliotolewa mtoni wamefungwa kwa waya. Hawakuugua!"

Nchi nzima sufuria zilikuwa chini. Majina yakaenda, kumi, kumi na tano, ishirini, kila moja na silaha yake na mahali pake, mpaka pumzi ya mzee aliyetoka kuugua mapafu ikaanza kukata. Akakohoa. Kisha akaita kwa sauti yake ya miaka yote, ile ya kata tatu:

"Hao ndio wangu. Nani anaongeza?"

Kwenye meza ya Sikudhani palikuwa na laini nane za simu, kila moja na taa yake. Ikawaka moja. Zikawaka mbili. Halafu zikawaka zote.

Akabonyeza ya kwanza. "Halo, karibu. Nazungumza na nani?"

Sauti ya mwanamke ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa karibu sana na simu, kama mtu anayetaka kila herufi ifike.

"Ni mke wa Mkwepu," ilisema, ikameza mate. "Marehemu mke wa Mkwepu. Naongeza."